Mabaka meupe kwenye meno ya mbele ya mtoto

SWALI: Daktari, ninaandika kutoka Nachingwea. Mwanangu ana mwaka 1 na miezi 10. Meno yake mawili ya juu ya mbele yana mabaka meupe yasiyong'aa karibu na fizi, na moja limeanza kuwa la kahawia na kumeguka pembeni. Usiku bado ananyonya, na akiamka humpa uji wenye sukari kwa chupa. Bibi yake anasema nisihangaike, kwani hayo ni meno ya utoto. Baba yake anazilaumu dawa za homa alizokunywa mwaka huu. Je, gamba la jino likiharibika hurudi? Nimsafishe kwa dawa gani ya meno?

JIBU: Mama, kinywani mwa mwanao kuna hali mbili, na majibu yake hayafanani. Baka jeupe ni dalili kwamba enameli, yaani gamba gumu la nje, imepoteza madini lakini bado haijatoboka. Hapo madini ya mate na floraidi ya dawa ya meno yanaweza kuliimarisha tena. Sehemu iliyokwisha kumeguka haitaota upya, kwa sababu chembe zinazotengeneza enameli hutoweka jino linapochomoza. Ndiyo maana ninakuomba usichelewe.

Kwa maelezo yako, ninaitilia shaka zaidi chupa ya usiku. Mtoto akilala mate hupungua, uji hubaki umezunguka meno ya juu, na bakteria hugeuza sukari yake kuwa asidi inayoyeyusha enameli. Meno ya chini hupona kwa muda kwa kuwa ulimi huyafunika. Kuhusu homa, enameli ya meno hayo ya mbele huanza kuumbwa ujauzito ukiwa na takriban miezi 4 na hukamilika miezi michache baada ya kuzaliwa, hivyo ugonjwa wa mwaka huu haukuiharibu wakati wa kuumbwa. Ila kama meno yalichomoza yakiwa na mabaka tayari, mweleze daktari, hasa ikiwa mtoto alizaliwa kabla ya wakati. Dawa za maji zenye sukari nazo huchangia zikinywewa usiku bila kusafisha meno baadaye.

Sikushauri umwachishe ziwa. Uji mpe kwa kikombe kabla ya kulala, upunguze sukari, kisha msafishe meno. Akiamka na kiu, maji matupu yanatosha, na anaweza kunyonya. Tumia mswaki laini wa mtoto na dawa yenye floraidi isiyopungua 1000 ppm, kipimo ambacho huandikwa kwenye boksi au tyubu. Weka kiasi cha punje moja ya mchele, asubuhi na usiku, mpaka atimize miaka 3. Mlaze kichwa mapajani mwako, inua mdomo wa juu na upige mswaki taratibu pale jino linapokutana na fizi, kwa kuwa ndipo mabaka yalipo na ndipo wazazi wengi hawafiki. Povu lifute kwa kitambaa safi. Mkaa, majivu na chumvi usitumie, kwani hukwaruza gamba ambalo tayari ni dhaifu.

Bibi anasema kweli kwamba meno hayo yatang'oka, lakini ya mbele huanza kung'oka akiwa na miaka 6 hivi, na magego ya utoto hukaa hadi miaka 10 au 12. Hiyo ni miaka mingi ya maumivu na kushindwa kula, na usaha kwenye mzizi unaweza kudhuru jino la ukubwani linaloumbwa chini yake.

Mpeleke hospitali ya wilaya umwone mtaalamu wa kinywa na meno; ikibidi, atakuandikia rufaa kwenda Hospitali ya Sokoine, Lindi. Mabaka meupe yanaweza kupakwa vanishi ya floraidi. Jino lililomeguka, likiwa bado linafaa, linaweza kusafishwa kwa vifaa vya mkono na kuzibwa bila mashine, njia iliyoanzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Ipo pia floraidi yenye madini ya fedha, ambayo husimamisha kuoza lakini huacha weusi wa kudumu palipooza. Uliza kabla ya kukubali. Fizi ikivimba au kutoa usaha, au uso ukivimba pamoja na homa, usisubiri miadi: mpeleke siku hiyo hiyo.