Happy End na kazi waliyoiacha nusu

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, albamu ya kwanza ya bendi ndiyo huwa bora kuliko zote?", limenichoma kidogo. Kila likiulizwa watu hukimbilia Waingereza na Wamarekani, kisha mabishano yanaisha kwa nani kauza zaidi. Mimi nitajibu kwa bendi ya Kijapani, Happy End, na nitauliza jambo la pembeni kidogo: albamu ya kwanza ilishindwa wapi, na kwa nini?

Bendi ilikuwa ya watu wanne. Haruomi Hosono alipiga besi, Eiichi Ohtaki aliimba na kupiga gitaa, Shigeru Suzuki alishika gitaa la solo akiwa na miaka 18, na Takashi Matsumoto alipiga dramu na kuandika mashairi. Albamu ya kwanza, yenye jina la bendi, ilitoka Agosti 1970 kwa URC, lebo iliyoanza kama klabu ya kuwauzia wanachama santuri. Mashabiki huiita Yudemen, kwa sababu ya bango la tambi lililochorwa kwenye jalada. Novemba 1971 ikafuata Kazemachi Roman, na hiyo ndiyo Rolling Stone ya Japani iliyoipa namba 1 mwaka 2007 katika orodha yake ya albamu 100 za roki ya nyumbani. Kwa haraka haraka, basi, jibu ni hapana: ya pili inaifunika ya kwanza.

Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Yudemen ilirekodiwa kwa mashine ya njia nne, yaani mistari minne ya kunasia sauti, kila mmoja peke yake; Kazemachi kwa njia nane. Ukiwa na njia nne tu, vyombo kadhaa hulazimika kulala pamoja kwenye njia moja, na vikishalala hivyo huwezi tena kupandisha dramu bila kupandisha na jirani yake. Ndiyo maana dramu ya Matsumoto inasikika kama iko chumba cha pili, na gitaa la Suzuki lenye mkwaruzo linakula nafasi ya sauti ya mwimbaji. Hosono naye anaimba juu kuliko koo lake linavyotaka. Ile sauti nzito, tulivu, inayobeba "Kaze wo Atsumete" kwenye albamu ya pili, hapa bado hajaipata.

Lakini kosa linalotajwa zaidi ni la lugha, yaani kuimba roki kwa Kijapani, na hapa lazima nisimame kidogo. Jarida la New Music Magazine liliipa Yudemen nafasi ya kwanza katika tuzo yake ya roki ya Kijapani. Kisha, mwaka 1971, likawaketisha wanamuziki kujadili hali ya roki nchini. Yuya Uchida, mwimbaji na prodyuza aliyekuwa nyuma ya Flower Travellin' Band, hakuuma maneno. Yeye alitaka roki iimbwe kwa Kiingereza ili ivuke bahari. Akauchukua wimbo wa kwanza wa albamu, "Haru yo Koi", akasema bila kutega sikio kwa makini husikii kinachosemwa, na kwamba maneno, melodia na mapigo havijapatana. Matsumoto na Ohtaki walikuwa palepale mezani.

Watu humcheka Uchida leo kwa kuwa historia ilimwacha. Mimi naona kwa habari ya sikio alikuwa sahihi. Kijapani hugawa neno katika vipande vifupi vinavyolingana urefu, na karibu vyote huishia na irabu. Sisi wa Kiswahili tunaijua shida hiyo: mapigo ya roki yalizoea maneno mafupi ya Kiingereza yanayokatika kwa konsonanti, ukiyamiminia silabi nyingi zilizo sawa yanakuwa kama mtu anayesoma tangazo. Matsumoto akazidisha ugumu kwa kumaliza mistari kwa lugha ya adabu, ambayo huongeza silabi mwishoni. Ohtaki alitatua kwa nguvu: anaivuta irabu moja mpaka inapita pigo lake, kisha anayarundika yanayofuata. Pigo linaokoka, neno linapotea.

Sasa tazama neno lenyewe linasema nini. Msimulizi anakumbuka mwaka mpya wa nyumbani: familia imezunguka kotatsu, ile meza fupi yenye kipasha joto chini yake, wanakula supu ya mochi, vitonge vya mchele unaonata, na kucheza karata. Mwaka huu yuko peke yake, kengele za usiku wa manane zinamuumiza mpaka anaziba masikio, anajuta kuondoka kwao. Maneno ya adabu ya sebuleni yanararuliwa na gitaa zito. Kama Ohtaki angeyatamka vizuri, kila silabi mahali pake, ungebaki wimbo wa kukumbuka sikukuu tu. Uchida alisikia kasoro iliyopo kweli, ila ukiiondoa wimbo unakufa. Kazemachi Roman, pamoja na ulaini wake wote, haina kitu kinachouma hivi.

Kwa hiyo? Albamu nzima kwa albamu nzima, bado nasema ya pili, hasa kwa vile Yudemen inafunga na kipande cha maneno ya kusemwa ambacho mimi hukiruka. Wimbo mmoja kwa wimbo mmoja, ya kwanza inashinda, mradi usome mashairi kabla ya kusikiliza na upunguze besi kidogo. Na asiyependa gitaa la kelele aanze na "Juunigatsu no Ame no Hi". Huo waliurekodi upya kwa santuri ndogo ya 1971, nadhani kwa sababu wenyewe waliona kuna cha kurekebisha. Asikilize matoleo yote mawili, moja baada ya jingine, kisha aandike kwenu anipinge.