Maswali ya Wasomaji: Mafuta Yaliyochoka Jikoni Yauzwe kwa Nani?

SWALI: Mhariri, nina mkahawa wa viti 40 mtaani Ngara, na katika vyakula vyote tunavyouza, chipsi, kuku wa kukaanga na bajia ndivyo vinavyotulipia kodi ya nyumba. Kila wiki tunatoa kwenye makarai mafuta yanayojaza mitungi mitatu ya lita 20. Kwa miaka kadhaa kijana mmoja wa mkokoteni amekuwa akiyachukua kwa shilingi chache, bila risiti wala maswali. Mwezi uliopita alikuja mtu mwingine aliyevaa fulana yenye nembo, akaniambia kwamba mafuta hayo hugeuzwa kuwa dizeli na hata mafuta ya ndege, na kwamba yeye hununua kwa kilo, si kwa mtungi. Jirani yangu mwenye duka anasema nisidanganywe, kwa kuwa hakuna ndege inayorushwa na mafuta ya chipsi. Nimwamini nani, na nikikubali kuuza, nijilinde vipi?
Mwenye mkahawa, Ngara

JIBU: Mama, jirani yako ana haki ya kushangaa, lakini katika hili amepitwa. Tarehe 25 Mei 2023 ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 787 iliondoka Uwanja wa Jomo Kenyatta kwenda Amsterdam ikiwa na mafuta ambayo sehemu yake ilitengenezwa na kampuni ya Eni ya Italia kutokana na malighafi za taka, yakiwemo mafuta ya mimea yaliyokwisha kutumika. Dizeli ni rahisi zaidi kuieleza. Mafuta ya kupikia huchanganywa na alkoholi iitwayo methanoli pamoja na kichocheo kama vile kostiki soda, kisha mchanganyiko huo hujigawa wenyewe: juu hubaki dizeli, na chini hutuama gliserini, ile ile inayotiwa katika vipodozi. Mafuta ya ndege hupitia njia nyingine, ya kutiwa gesi ya haidrojeni katika kiwanda kikubwa, na hiyo si kazi ya kufanyiwa uani.

Nimeyataja haya kwa sababu ndiyo yanayoeleza maswali utakayoulizwa na mnunuzi. Mafuta yakiwa na maji, kostiki soda haitoi dizeli safi bali hutoa povu la sabuni, na mwenye kiwanda hula hasara. Kwa hiyo mnunuzi anayeijua kazi yake atauliza kuhusu maji kabla ya kuuliza kuhusu rangi, na anayebabaikia weusi wa mafuta pekee huenda anatafuta tu sababu ya kukupunguzia bei. Wewe mwenyewe unaweza kuyapima kabla hajafika: dondosha matone machache kwenye sufuria iliyopata moto, huku umesimama kando, na yakitatarika ujue yana maji.

Bei nayo chanzo chake kiko mbali na Ngara. Sheria za nishati za Umoja wa Ulaya huruhusu dizeli iliyotokana na mafuta ya kupikia yaliyotumika ihesabiwe maradufu katika malengo ya nchi wanachama, yaani lita moja ihesabiwe kana kwamba ni mbili. Palipo na kivutio kama hicho hapakosi mjanja wa kuchukua mawese mapya, kuyatia uchafu kidogo na kuyaita mafuta ya hoteli. Ndiyo sababu mnyororo huu umejaa karatasi. Kama mnunuzi wako anapeleka mafuta kwa kampuni zilizo chini ya mfumo wa vyeti wa ISCC, wenye makao yake Ujerumani, atakuomba utie sahihi tamko la kwamba mafuta hayo yametoka jikoni kwako na kwamba yalitumika kupikia kweli. Usiogope karatasi hiyo, ila isome, na usikubali kamwe iandikwe kilo nyingi kuliko ulizotoa, hata ukiahidiwa kitu kidogo, kwa maana kilo hizo za hewa zitajazwa na mafuta ya mtu mwingine kwa jina la mkahawa wako.

Kabla ya karatasi hiyo, ipo ya hapa nyumbani. Mafuta yaliyotoka kwenye karai kwa ajili ya kutupwa au kurejelezwa huhesabiwa kuwa taka, na chini ya kanuni za usimamizi wa taka anayesafirisha taka anapaswa kuwa na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Muombe akuonyeshe leseni, linganisha jina lililomo na jina lililo kwenye nembo ya fulana, kisha ubaki na nakala. Mwenye leseni halali hukasirika mara chache akiulizwa. Halafu, kwa kuwa haya ni mapato ya biashara kama mapato mengine, mnunuzi anayeweka hesabu zake sawa atataka kutoka kwako ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi, KRA, maana tangu Januari 2024 KRA haikubali gharama isiyo na ankara hiyo, isipokuwa chache zilizosamehewa. Anayekuambia mambo ya KRA yaachwe kando, mwache kando yeye.

Sasa kuhusu kilo na mtungi, ambako wengi hupunjwa bila kujua. Lita moja ya mafuta ya kupikia haifiki kilo moja. Ina takriban gramu 920, hivyo mtungi wa lita 20 una kilo 18 na kidogo. Tuseme, kwa hesabu tu na si kwa bei ya soko, kwamba mmoja anakupa shilingi 50 kwa kilo na mwingine shilingi 48 kwa lita. Wa kwanza anaonekana mkarimu, lakini mtungi wake utakuletea shilingi 920, na wa pili shilingi 960. Kununua kwa kilo si wizi, mradi ulinganishe bei zote kwa kipimo kimoja, mzani usimame mahali unapouona, na uzito wa mtungi mtupu uondolewe mara moja tu.

Ama kuhusu kutunza, subiri mafuta yapoe hadi uweze kugusa ubavu wa karai bila kuungua, kwa kuwa mafuta ya moto hulainisha plastiki na mpishi ndiye anayeungua. Yachuje makombo ya bajia kwa chujio la waya au kitambaa, yamimine katika mtungi mkavu ambao haujawahi kubeba dawa, sabuni wala mafuta ya gari, kisha ufunge kifuniko na kuuweka kivulini mbali na jiko. Mtungi huo upakwe rangi ya kuutofautisha, kwa sababu nimewahi kuona, katika jiko nililofanya kazi zamani, mafuta ya kutupwa yakirudishwa kwenye karai asubuhi na mfanyakazi mgeni asiye na kosa. Yale mafuta mazito yanayokusanyika kwenye mtego wa sinki usiyachanganye kamwe na haya. Hayo yamejaa maji na uchafu, na mtungi mmoja wake huharibu kumi mizuri. Na ikifika Julai usishtuke yakiwa mazito na yenye ukungu. Mafuta mengi tunayopikia nchini hutokana na mawese yanayotoka Malaysia na Indonesia, ambayo huganda baridi ya Nairobi inapozidi. Yaanike juani na ukungu huo utayeyuka, lakini ukungu unaotokana na maji hauondoki hivyo.

Limebaki suala la kijana wa mkokoteni, na hili ndilo ningekuomba ulifuatilie kwanza. Muulize anayapeleka wapi. Huenda anakusanyia kampuni halali, kwani mafuta mengi huanza safari yake kwa mkokoteni, na katika hali hiyo mnaweza kuendelea naye akikuletea karatasi za anayemuuzia. Lakini huenda pia mafuta yako huishia katika karai jingine kando ya barabara, yakikaangia mandazi ya watoto wanaokwenda shule. Mafuta yaliyochemshwa mara nyingi huvunjika na kuwa vitu vingine. Nchi kadhaa za Ulaya zimeweka kikomo cha asilimia 24 au 25 ya vitu hivyo ndani ya mafuta, na yakizidi hapo mafuta hayaruhusiwi tena kukaangia chakula cha kuuza. Bila kipimo cha maabara, utayajua kwa povu lisilotulia, moshi unaotoka mapema, utando unaonata na harufu kali. Kama ulikwisha kuyatoa kwenye karai lako kwa sababu hizo, sioni vipi utakubali yaingie katika la mwenzako. Mimi ningechukua bei ya chini kwa mtu anayeonyesha yaendako kuliko bei ya juu kwa mtu anayenyamaza.

SWALI: Mimi ni mpishi katika hoteli moja Westlands. Tangu zamani mafuta yaliyotumika yamekuwa haki yetu wapishi. Tunayauza na kugawana. Mwenye hoteli sasa anataka kuyauza mwenyewe. Je, si dhuluma?
Mpishi, Westlands

JIBU: Ndugu mpishi, mafuta yalinunuliwa na mwajiri wako, na kisheria sioni utakavyodai kuwa ni yako kwa sababu tu ya mazoea. Hata hivyo mazoea ya miaka mingi yana uzito wake, na mwajiri anayeyakata siku moja bila kuzungumza na watu wake anajitafutia mitungi yenye maji. Mafuta safi hutegemea mkono wa anayechuja. Mshauri agawe sehemu ya mapato kwa jiko zima, naye atafaidika zaidi kuliko akiweka mlinzi juu ya mitungi. Mwajiri naye ana hofu ambayo ni halali, kwamba wapishi wakilipwa kwa wingi wa mafuta machafu watayatupa mapema. Daftari litaondoa hofu hiyo: mwandike lita mpya zilizotiwa, siku zilipotiwa, na lita zilizotolewa. Zilizotolewa zitakuwa pungufu, kwa kuwa chipsi hunywa sehemu yake, lakini baada ya mwezi mmoja upungufu huo utaonyesha mwelekeo, na mtu akianza kumwaga mafuta mazuri itaonekana kwenye ukurasa.

SWALI: Je, siwezi kuyatengeneza sabuni mwenyewe nikaachana na wanunuzi?
Msomaji, Kariobangi

JIBU: Unaweza. Kilo moja ya mafuta ya mawese huhitaji takriban gramu 140 za kostiki soda iliyoyeyushwa katika maji, na mtengenezaji mwangalifu hupunguza kidogo ili isibaki kostiki ya kuchubua ngozi. Pima kwa mzani, usikadirie kwa kijiko. Tia kostiki ndani ya maji, wala usimwage maji juu ya kostiki, kwa kuwa huchemka ghafla na kurukia usoni. Vaa glavu na miwani, na usitumie sufuria ya alumini, kwa sababu kostiki huila. Sabuni ya mafuta yaliyokaangia samaki itanukia samaki hata uifanyeje, kwa hiyo mafuta ya karai hilo yatenge kwa ajili ya mnunuzi wa dizeli.