Maswali ya wasomaji: Pakiti inachelewa wapi?

SWALI: Mtambo wangu huendeshwa kupitia Ethernet, mzunguko wake ni milisekunde 1. Ping (jaribio la kutuma pakiti na kusubiri jibu) inanipa wastani wa milisekunde 0.3, lakini mara kwa mara mtambo husimama kwa sababu ujumbe umechelewa. Nipimeje bila vifaa vya maabara?

JIBU: Achana na wastani. Pakiti moja iliyochelewa ndiyo inayosimamisha mtambo, kwa hiyo hifadhi kila kipimo na utazame kilicho kikubwa kuliko vyote. Tena ping ya kawaida hutuma pakiti moja kwa sekunde. Wewe unahitaji 1,000 kwa sekunde, kwa muda wa saa kadhaa, mtandao ukiwa na kazi zake zote.

Tumia kompyuta moja ya Linux yenye poti mbili. Ukitumia mbili, saa zake zitapishana, na NTP (njia ya kulinganisha saa kupitia mtandao) haitoshi kwa usahihi huu. Programu iandike muda ndani ya pakiti, iitume kwa poti ya kwanza, na kwenye poti ya pili muda huo utolewe kwenye muda wa kupokea. Lakini poti ya pili lazima itengwe, Linux iione kama iko kwenye kompyuta nyingine: `ip netns add B`, kisha `ip link set eth1 netns B`, halafu uipe anwani upya. Usipofanya hivyo, Linux hupitisha pakiti ndani kwa ndani bila kugusa kebo, nawe utafurahia namba za uongo. Adapta za USB 2.0 hazifai, huhudumiwa kwa vipindi vya maikrosekunde 125.

Anza na kebo tupu kati ya poti hizo, kisha weka swichi. Toa kipimo cha katikati cha kebo kwenye kile cha swichi. Vya juu kabisa havitoleki hivyo. Swichi nyingi hupokea fremu (pakiti jinsi inavyosafiri kwenye kebo) nzima kabla ya kuituma: baiti 1518 ni takriban maikrosekunde 121 kwa megabiti 100, au 12 kwa gigabiti 1.

Vilele, yaani vipimo vinavyopanda ghafla, vikionekana hata kwa kebo tupu, swichi haina kosa. Mara nyingi kadi ya mtandao inakusanya pakiti kabla ya kuishtua prosesa; jaribu `ip netns exec B ethtool -C eth1 rx-usecs 0`, ingawa baadhi ya kadi hukataa. Zima pia EEE (hali ya poti kuokoa umeme) kwa `ethtool --set-eee`, na usingizi mzito wa prosesa kwenye BIOS. Vikibaki, endesha `cyclictest -m -p 80 -i 1000`, inayopima jinsi programu inavyochelewa kuamshwa bila kugusa mtandao: ikionyesha vilele vilevile, mara nyingi tatizo liko kwenye Linux yenyewe, na kenel ya PREEMPT_RT (Linux iliyorekebishwa kwa kazi zisizovumilia kuchelewa) ndiyo hatua inayofuata.