Majalada ya Kutisha: Wasomaji Wauliza

SWALI: Salaam, wahariri. Naandaa bango la mchezo wa jukwaani wa mizimu, nikiiga majalada ya magazeti ya zamani ya Marekani ya hadithi za kutisha. Nimechora zimwi, mafuvu na damu tele, lakini kila anayeliona anacheka. Nimekosea wapi? – Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Umejaza mno. Majalada yale, ya takriban sentimita 18 kwa 25, yalibanana kwenye vibanda vya magazeti, na mpita njia hakusimama kuyachunguza. Ndiyo maana lililo bora lina umbo moja kubwa na rangi chache zinazogombana. Tazama kazi za Margaret Brundage, aliyechora majalada mengi ya Weird Tales, gazeti la Marekani la hadithi za kutisha, miaka ya 1930. Lile la Oktoba 1933 lina mwanamke mmoja tu mwenye kinyago cha popo. Hakuna damu hata tone, na bado linasisimua mwili.

Anza na michoro midogo ya sentimita 6 kwa 8, kwa penseli, vivuli vitatu tu: cheupe, kijivu, cheusi. Ibandike ukutani, rudi nyuma mita tatu. Mchoro usioeleweka kutoka hapo hautaokolewa na rangi. Kisha shusha taa. Mweke mtu gizani, tochi chini ya kidevu, uone mianzi ya pua iking'aa na vivuli vya mashavu vikipanda juu. Uso tunaoujua unageuka mgeni, na hapo ndipo hofu inapoanzia. Vivuli usivipake nyeusi tupu, vinakufa. Changanya buluu na kahawia. Zimwi lenyewe lifiche: mkono mlangoni, au kivuli nyuma ya mtu anayetazama kwingine. Mtazamaji wa bango aione hatari kabla ya mtu huyo kuiona.

Ukitumia chaki za rangi kama Brundage, jihadhari na unga wake, hufutika kirahisi. Weird Tales lilipohamia New York mwaka 1938, kusafirisha picha zake kutoka Chicago kukawa taabu kwa sababu hiyohiyo. Pulizia dawa ya kushikiza chaki ukiwa sentimita 30 mbali, tabaka mbili nyembamba, ya kwanza ikauke. Ukilowesha, rangi hupoteza mng'ao na kuingia giza.

SWALI: Nimepata gazeti la aina hiyo kwenye vitabu vya mitumba. Kurasa zimekuwa kahawia na zinamong'onyoka, ila jalada linang'aa. Nilifanyie laminesheni nilitundike? – Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Hapana, tafadhali! Laminesheni hubandika plastiki kwa joto na gundi, na haitoki tena. Kurasa ni za rojo la mbao, zenye lignini (kitu kinachogandisha nyuzi za mti) na asidi zinazoila karatasi kutoka ndani. Jalada ni karatasi bora iliyopakwa. Liweke gazeti lote kwenye mfuko wa plastiki ya polyesta, si ile ya PVC, na nyuma yake kadibodi isiyo na asidi. Selotepu usiiguse, gundi yake huacha doa la kahawia.

Kwa pwani yetu adui mkubwa ni unyevu. Pini hushika kutu na kukata mgongo, na unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 ukungu huanza. Sanduku liwe mbali na ukuta wa nje. Gazeti likauke kwanza kabla ya kulifunga, maana ukifungia unyevu ndani umeupa ukungu nyumba. Vifuko vya silika, vile vya chembe za kunyonya unyevu, navyo hushiba, vibadilishe.

Cha kutundika kiwe nakala iliyoskaniwa kwa nukta 600 kwa inchi. Rangi iliyofutwa na jua hairudi.