Mapigo ya Mama na mshipa wake mkuu

Mama alikuwa akisema moyo unampapatika. Sisi wanawe tuliona ni uchovu tu, maana presha anayo miaka mingi na tulishaizoea. Jioni moja nikamshika kifundo cha mkono, chini ya dole gumba, nikahesabu: mapigo mawili ya haraka, kimya, moja, matatu mfululizo. Hayakuwa na mpango wowote. Kesho yake tukaenda hospitali. Kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha kwamba vyumba vya juu vinatetema ovyo. Eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, nayo ikatoa la pili: aota, ule mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, ilikuwa imetanuka hadi sentimita 4.6.

Daktari alitueleza kwamba kwa Mama mzizi ni mmoja, presha. Imezisukuma kuta za aota hadi zikalegea. Moyo nao, kwa kushindana nayo, umekuwa mnene, chumba cha juu kushoto kimepanuka na umeme wake umevurugika.

Kuyatibu mawili haya pamoja kunataka uangalifu. Vyumba vikitetema, damu huweza kuganda humo na bonge likapanda kichwani, ndiyo maana Mama anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Lakini aota iliyotanuka inaweza kuchanika, na mwenye damu iliyolainishwa atavuja vibaya zaidi. Kwa hiyo akishikwa ghafla na maumivu makali ya kifua, au ya mgongo katikati ya mabega, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Msimpe aspirini nyumbani. Mkifika, itajeni warfarini kabla ya kuulizwa. Bisoprololi, nashukuru, inamsaidia kote kuwili: inapunguza kasi ya mapigo na inaipumzisha aota.

Lililonitisha kuliko yote ni la duka la dawa. Mama alipata UTI, kaka akamnunulia sipro (siprofloksasini, antibiotiki) bila cheti, kama tunavyofanya wengi. Nilimpigia daktari kabla hajameza. Akakataa kabisa: dawa za jamii hiyo zinaweza kuchangia aota kuchanika, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo Desemba 2018. Tena zinaweza kuvuruga mapigo na kuzidisha nguvu ya warfarini. Akaandikiwa nyingine.

Tangu siku hiyo Mama ana kikaratasi kwenye pochi: ugonjwa wa mapigo, kipimo cha aota na tarehe yake, dawa zote, na maneno "asipewe sipro bila daktari wa moyo". Kila anayemhudumia anakisoma kwanza. Mchicha na matembele hatukumkataza, ila kwa kuwa mboga hizo hupunguza nguvu ya warfarini, anakula kiasi kilekile kila wiki ili kipimo cha damu kisiyumbe.

Mwezi ujao mimi na kaka tunakwenda kupima eko. Kutanuka kwa aota wakati mwingine hutembea kwenye ukoo, na presha tayari ninayo.