Muulize Madam: Watoto 84, kingereza hakitoki

Swali: Shikamoo madam. Mimi ni mwalimu ajira mpya, nafundisha English Form One huku Singida, darasa moja lina watoto 84. Msingi walisoma kila kitu kwa kiswahili, sasa nikiuliza swali wote wanaangalia chini ya dawati kama wamedondosha hela, wanne wa mbele tu ndo wananyoosha mikono kila siku walewale. Nilikesha nachora kadi za picha za michezo, kesho yake dakika kumi nyingi darasa likanishinda, wa nyuma hata kadi hawazioni. Na shule ina kile kibao cha kumvisha anayeongea kiswahili, wamekuwa mabubu kabisa. Nifanyeje?
Ticha mpya

Jibu: Marahaba mwanangu, pole na vumbi la chaki. Kadi weka kabatini kwanza. Mchezo ambao mtoto mmoja anaongea na 83 wanamkodolea macho huo sio mchezo, ni mtihani wa hadharani.

Anza na wanachokijua. Si wamecheza nyama nyama mtaani? Kiongozi akitaja mbuzi wanaruka, akitaja paka aliyeruka katoka. Uchukue hivyohivyo. Wasimamishe, sema "Cows eat grass", waruke wote wakiitikia "They do!" Ukisema "Lions eat grass" kimya, aliyeruka anakaa. Siku mbili za mwanzo ita wewe, baada ya hapo waite wao. Mimi kuna binti alikuwa hajafungua mdomo tangu shule ifunguliwe, siku hiyo kasimama akaita "Teachers eat chalk", darasa zima likaruka mpaka jirani akaja kuchungulia dirishani. Sikumsahihisha kitu maana sentensi ilikuwa imenyooka.

Halafu kuna "he" na "she". Wanachanganya sio kwa uzembe, sisi tuna yeye moja tu kwa baba na mama, kichwa hakijazoea kuchagua. Geuza benchi zitazamane, sita sita, utapata vikundi 14. Mmoja anafumba macho, wenzake wanachagua mtu humo darasani na kumtaja kwa dalili, "She is tall, she sits near the window". Ukisema "he" wakati mtu mwenyewe ni msichana, mfumba macho anataja mvulana, kikundi kinapiga kelele aaah, na wewe hujasema neno. Kosa linajisema lenyewe.

Ila ninaoupenda kuliko yote ni imla ya mbio. Andika aya fupi ya mistari mitano kwenye manila, nakala nne, bandika ukuta wa nje. Kila kikundi kina mkimbiaji na mwandishi, mkimbiaji haruhusiwi kutoka na kalamu, anasoma kipande, anakimbia ndani kukisema, mwenzake anaandika, wanapokezana. Utawasikia wanapita mlangoni wananong'ona "the farmer sold, the farmer sold" wasije wakasahau hiyo "sold" njiani. Weka na "thirteen" na "thirty" makusudi, utaona ugomvi. Usitoe vikundi vyote kwa pamoja lakini, saba kwanza, vingine vitunge maswali ya ile aya, la sivyo mtoto ataumia mlangoni.

Kuhusu kibao, wewe mgeni huwezi kukiondoa shuleni, ila kwako kisiingie, anayekuja nacho akitundike nyuma ya mlango. Na sentensi ya kwanza kabisa kuwafundisha iwe "How do you say...?", neno likimkwama alitaje kwa kiswahili humo humo, wenzake wamsaidie, mchezo uendelee.

Swali: Madam, mkuu wetu wa shule anasema kipindi changu ni soko. Nikiacha michezo wanafunzi wanasinzia, nisipoacha naitwa ofisini.
Mwalimu, Tanga

Jibu: Kwenye andalio la somo usiandike mchezo, andika wanachojifunza, mfano kuuliza maswali ya wakati uliopita, halafu hatua zake. Wazoeze ishara, ukiinua mkono nao wanainua na mdomo unafungwa, wiki moja inatosha. Hamisha imla ya mbio iwe kipindi cha mwisho kabla ya chai, madarasa ya jirani muda huo nayo yameshachangamka. Kisha mwombe mkuu aje siku moja, umpe nafasi kwenye kikundi, tena awe yeye wa kufumba macho.