Jibu: msimbo wa kusubiri bafa uliorudiwa mara mbili

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Wete. Umeuliza kama uziunganishe zile sehemu mbili za draiva ya GPU (programu inayoendesha kadi ya michoro) zinazosubiri bafa, yaani eneo la kumbukumbu linalotumiwa na kazi za GPU, moja ya kuchora na moja ya kunakili. Ziunganishe, ila usijitungie fankisheni: keneli ya Linux, kiini cha mfumo huo, tayari inayo drm_sched_job_add_implicit_dependencies, inayoiwekea kazi orodha ya kazi za kusubiri kwenye bafa. Kazi inayosoma bafa husubiri zinazoiandika tu, inayoandika husubiri zote. Zifunge kwanza kufuli za bafa zote. Halafu, na hapa nakusihi uwe makini sana, tenga nafasi za fensi (alama za kuonyesha kazi ya GPU imekwisha) kwa dma_resv_reserve_fences kabla ya drm_sched_job_arm, hatua ambayo kazi haiwezi tena kurudishwa nyuma. Ukishaita drm_sched_job_arm huna tena ruhusa ya kushindwa kwa kukosa kumbukumbu. Kiraka (badiliko la msimbo) cha kwanza kihamishe msimbo tu, kisibadili tabia. Ukivuka kuja Unguja, njoo na laptopu tukipitie pamoja.